Glendalough na Barabara ya Kijeshi

Glendalough ni bonde lenye maziwa mawili katika milima ya Wicklow, kusini mwa Dublin, na wageni wengi hulitembelea na kurudi mjini siku hiyohiyo. Njia moja hupita juu kabisa, kwenye nyanda za kinamasi ambako hata mti ni nadra. Haikujengwa kwa ajili ya matembezi. Baada ya uasi wa 1798 dhidi ya utawala wa Uingereza, masalia ya waasi walijificha milimani humo wakiongozwa na Michael Dwyer, na serikali ikaamua kupasua barabara ili askari wawafikie. Ujenzi ulianza 1800, ukamalizika 1809. Dwyer alikuwa amejisalimisha Desemba 1803 na kupelekwa Australia. Barabara ingali ikiitwa ya Kijeshi.

Bondeni kwenyewe mambo ni ya kale zaidi. Mtakatifu Kevin alifika katika karne ya 6 akitafuta upweke. Watu wakamfuata, na mahali pa mtu mmoja pakawa monasteri yenye makanisa, mashamba na wanakili wa vitabu. Lango lake la matao mawili bado limesimama. Mara tu ukiingia, upande wa kulia, kuna bamba la jiwe lililochongwa msalaba: mkimbizi akifika hapo alikuwa chini ya ulinzi wa kanisa.

Kinachoonekana kwanza ni mnara wa mviringo, kimo chake mita 30 hivi, na mlango wake uko mita 3.5 juu ya ardhi. Husemwa kwamba watawa walijifungia humo Waviking walipovamia. Pengine, lakini yangekuwa maficho mabaya: sakafu zilikuwa za mbao, na moto ukiwashwa chini mnara ungevuta kama dohani. Mwaka 950 Waviking wa Dublin waliuteketeza mnara wa Slane pamoja na watu waliokuwamo. Kazi yake hasa ilikuwa kengele. Ndiyo maana ghorofa ya juu ina madirisha manne, kila moja likielekea upande wake wa dunia. Paa la sasa lilijengwa upya 1876 kwa mawe yaleyale ya awali.

Laurence O'Toole, aliyekuwa abati hapa tangu 1153, alifanywa askofu mkuu wa Dublin 1162. Mwanzoni mwa karne ya 13 jimbo la Glendalough likaunganishwa na la Dublin, na 1398 majeshi ya Kiingereza yakalichoma eneo hilo. Hata hivyo mahujaji hawakukoma, wala mazishi: mawe mengi ya makaburi yanayouzunguka mnara ni ya karne ya 18 na 19.