Kati ya Ushahidi na Jukwaa: Kinjeketile na Kazi za Wanafunzi katika Kusoma Tanzia

1. Utangulizi

Katika tanzu zote za fasihi, pengine hakuna utanzu unaofundishwa kwa ukavu kuliko tanzia. Mwanafunzi hupewa fasili, naye huikariri: shujaa mwenye hadhi, kosa lake, anguko lake, huruma ya watazamaji. Kisha huchukua mchezo wowote, akautia katika visanduku hivyo vinne, akapata alama zake. Siku ya mtihani anajua kwamba shujaa alianguka. Asichokijua ni kwa nini kuna mtu aliyemlilia.

Makala hii inakusudia kulitazama tatizo hilo kwa njia ya historia. Mfano uliochaguliwa ni Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969, ambayo leo huhesabiwa miongoni mwa kazi kuu za tamthilia ya Kiswahili. Sababu ya kuichagua ni moja. Tamthilia hiyo ilitokea katika chuo kimoja na katika miaka ile ile ambamo wanafunzi wa historia walikuwa wakikusanya ushahidi wa wazee juu ya Vita vya Maji Maji. Kazi hizo mbili, ya kuchunguza na ya kuumba, zilikaa jirani. Kuzitenganisha ni kuipoteza nusu ya tanzia yenyewe.

2. Tanzia kabla ya Kinjeketile: kazi ya kufasiri

Kabla Waswahili hawajapata tanzia iliyoandikwa moja kwa moja kwa lugha yao na kupata sifa kubwa, walikuwa wamekwisha kuipokea kwa njia ya tafsiri. Mwaka 1963 Julius Nyerere, aliyekuwa tayari Rais wa Tanganyika, alitoa tafsiri ya Julius Caesar ya Shakespeare. Akairudia na kuisahihisha, ikatoka upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Samuel Mushi alifuata kwa Makbeth mwaka 1968, na mwaka 1971 akaleta Mfalme Edipode, yaani tanzia ya Sophocles wa Uyunani ya kale.

Tafsiri hizo zilikuwa na faida ya wazi. Zilithibitisha kwamba Kiswahili kina uwezo wa kubeba hotuba ya mwuaji, majuto ya mfalme na kilio cha aliyejitoboa macho. Zaidi ya hayo, zilifungua njia ya mistari yenye mapigo isiyofungwa kwa vina, katika lugha ambayo mapokeo yake ya ushairi yalishikilia vina na mizani. Hata hivyo zilikuwa na mpaka wake. Mwanafunzi aliyesoma juu ya Roma au Thebe aliweza kuchambua, lakini hakuwa na mzee wa kumwuliza. Wafu wa tanzia hizo hawakuwa wafu wa kijijini kwake.

3. Wanafunzi wanakwenda kwa wazee, 1968

Mambo yalibadilika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki. Mnamo mwaka 1968 idara ya historia iliendesha mradi wa uchunguzi juu ya Maji Maji. Wanafunzi walirudi katika wilaya zilizopigana, wakakaa na wazee, wakasikiliza, wakaandika. Mwaka huo huo Gilbert Gwassa na John Iliffe walitoa kitabu kidogo cha ushahidi juu ya vita hivyo.

Habari zenyewe kwa ufupi ni hizi. Tangu mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ililazimisha watu wa kusini mashariki ya Tanganyika kulima pamba katika mashamba ya pamoja chini ya majumbe. Mwaka 1904, huko Ngarambe, mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale alipandwa na pepo Hongo. Wazee walisimulia kwamba alizama katika bwawa la maji akatoka siku ya pili, nguo zake zikiwa kavu. Akaanza kugawa maji ambayo, kwa imani ya waliokunywa na kunyunyiziwa, yangezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Mwishoni mwa Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete waling'oa miche ya pamba, na vita vikaanza. Vilienea hadi kwa Wangoni, ambao viongozi wao wengi walinyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906, na havikuzimika kabisa hadi mwaka 1907. Wajerumani walikadiria watu 75,000 kuwa wamekufa; Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa baada ya vyakula kuchomwa kwa makusudi.

Inafaa kukumbuka umri wa mambo hayo wakati wanafunzi walipokwenda kuuliza. Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi mwaka 1905 alikuwa na miaka sabini na mitatu mwaka 1968. Walikuwa wakisikia sauti za mwisho. Ucheleweshaji wa miaka kumi zaidi ungeacha kimya.

4. Mwanafunzi anayeumba

Ebrahim Hussein alikuwa mwanafunzi katika chuo hicho hicho alipoiandika Kinjeketile. Maswali ya watafiti wa historia yalielekea kwenye muungano: makabila yaliyotengana yaliwezaje kusimama pamoja? Swali hilo lilikuwa na maana kubwa kwa nchi iliyopata uhuru mwaka 1961 na iliyokuwa ikijitafutia mizizi. Hussein aliliheshimu swali hilo, kwani katika mchezo wake maji ndiyo yanayowaunganisha watu. Lakini akaongeza swali lake, nalo ndilo linaloufanya mchezo uwe tanzia: muungano huo ulilipiwa kwa nini, na nani alijua bei yake?

Katika tamthilia, Kinjeketile anapandwa na Hongo na kutamka mambo mbele ya watu. Miongoni mwa hayo ni kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, yaani chini ya ufalme wa Unguja. Pepo linapomtoka, Kinjeketile anashtuka kwa maneno ya kinywa chake mwenyewe. Kumbe Hongo anawaondoa chini ya bwana mmoja na kuwapeleka chini ya bwana mwingine! Tangu hapo anatilia shaka neno lililompa cheo. Anataka watu wangoje, wafanye mazoezi chini ya Kitunda, waungane kwanza. Watu hawangoji. Neno limekwisha kumtoka, halimtii tena. Baada ya kushindwa, akiwa mfungwani, anaombwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Akikiri, Wajerumani watawaambia watoto na wajukuu kwamba wazee wao walipigania upuuzi, na kila atakayetaka kupigana kesho atakuwa ameshindwa leo.

Hapa fasili ya visanduku vinne inavunjika. Kosa la Kinjeketile ni lipi? Kuliamini neno? Kulitilia shaka? Kunyamaza alipotilia shaka? Au kutolikana mwishoni, ingawa maelfu walikwisha kufa kwa ajili yake? Kila jibu lina haki yake, na kila jibu lina maiti zake.

5. Pale ushahidi na mchezo vinapoachana

Kazi ya uchambuzi yenye manufaa kuliko zote kwa mwanafunzi wa Kinjeketile ni kuweka kalenda mbili sambamba: moja ya historia, nyingine ya jukwaa. Akifanya hivyo atagundua jambo ambalo muhtasari wa vitabu vya mtihani hauligusi. Kinjikitile wa historia alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya pamba kung'olewa. Shambulio kubwa la Mahenge lilitokea tarehe 30 Agosti, yeye akiwa kaburini. Hakuona kushindwa. Hakuombwa kueleza vifo ambavyo vilikuwa bado havijatokea.

Hussein basi amemrefushia maisha. Hakufanya hivyo kwa kutojua. Katika utangulizi wake mwenyewe aliwatenga Kinjikitile wa historia na Kinjeketile wa sanaa. Alimwacha aishi ili ayaone matokeo, kwa sababu tanzia haikamiliki mpaka mtu ayatazame uso kwa uso mambo yaliyotokana na neno lake. Mwanafunzi akilitambua hilo kwa kalenda yake mwenyewe, hatasema tena kwamba mwandishi amekosea tarehe, wala hatauchukua mchezo kuwa hati ya historia. Atakuwa amejifunza kwa pamoja sayansi mbili, kila moja na ukweli wake.

Uchunguzi wa baadaye umeongeza sababu ya kuendelea na zoezi hili. Mwaka 1997 Thaddeus Sunseri alichapisha makala juu ya Uzaramo, akaonyesha kwamba njaa, uharibifu wa nguruwe mwitu na mivutano kati ya wanaume na wanawake juu ya kazi ya mashamba vilikuwa na nafasi kubwa. Mwaka 2010 kitabu kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson kilikusanya tafiti ambazo zinatilia mashaka picha ya vita vya taifa moja chini ya nabii mmoja. Kwa mwanga huo, wanawake wa tamthilia, wanaozungumza juu ya njaa kabla wanaume hawajataja vita, wanastahili kusomwa upya. Mwanafunzi anayetaka kuumba hana haja ya kutafuta mbali: amwandikie Bibi Kinjeketile maneno ambayo mchezo haukumpa, kwa sharti kwamba kila neno lionyeshe limetoka katika ushahidi upi.

Kuna zoezi jingine linalopendwa madarasani, nalo ni kumfanyia Kinjeketile kesi: mshitaki, mtetezi, hakimu. Zoezi hilo huchangamsha, lakini lina hatari yake. Kesi hudai hukumu, nayo tanzia huishi mahali ambapo hukumu imeshindikana. Kama likifanywa, heri likome kabla hakimu hajafungua kinywa, na kila mwanafunzi aandike peke yake kwa nini hakimu amenyamaza.

6. Upande wa Lubumbashi

Mtu aweza kusema kwamba mambo haya ni ya Tanzania. Lakini Lubumbashi ina mapokeo yake ya kuchunguza kwa kuigiza. Mwaka 1986 kundi la Mufwankolo lilichukua usemi mmoja juu ya utawala, kwamba unaliwa mzima mzima, likaujadili, likaufanyia mazoezi na kuuonyesha jukwaani kwa Kiswahili cha mji. Johannes Fabian aliyafuata majadiliano hayo hatua kwa hatua na kuyachapisha mwaka 1990. Waigizaji hao walikuwa wakitafuta maana, na jukwaa lilikuwa chombo chao cha utafutaji. Hali kadhalika mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, katika miaka ya 1970, alichora historia ya nchi na kuisimulia kwa Kiswahili. Tena, tangu mwaka 2000, mradi wa kumbukumbu za Lubumbashi, ambao wanahistoria Bogumil Jewsiewicki na Donatien Dibwe dia Mwembu walishiriki kuuongoza, umekusanya masimulizi na vitu vya wakazi wa mji.

Wala mji haukosi tanzia yake. Tarehe 9 Desemba 1941 askari waliwapiga risasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma, waliokuwa wamekusanyika katika kiwanja cha mpira cha Elisabethville. Masimulizi ya mji yanamkumbuka Léonard Mpoyi, kiongozi wao, aliyeuawa siku ile. Hesabu ya waliokufa haikuwa moja kwa wakubwa wa serikali na kwa familia za wafu. Kiongozi, umati, neno lililotoka, na hesabu inayobishaniwa: mwanafunzi aliyekwisha kuisoma Kinjeketile kwa kalenda mbili ana vyombo vyote vya kuikabili habari hiyo. Aliyefundishwa visanduku vinne hana hata kimoja.

Suala la lugha nalo lisisahauliwe. Mwanafunzi wa Lubumbashi hasomi Kinjeketile kwa Kiswahili cha nyumbani kwake. Akipewa kazi ya kuyageuza majibizano ya Kitunda na Kinjeketile gerezani yawe Kiswahili cha Katanga, atalazimika kuamua namna askari anavyomjibu mkubwa wake na neno gani la mji linabeba uzito wa kukataa. Huo ni uchambuzi wa lugha wa hali ya juu, ingawa una sura ya mchezo.

7. Hitimisho

Historia ya Kinjeketile inaonyesha kwamba kukusanya na kuumba havikuwa kazi za watu wawili maadui. Bila ushahidi wa wazee, mwanafunzi anayeumba hujenga juu ya mchanga. Bila kuumba, mwanafunzi anayekusanya hubaki na orodha ya majina na tarehe, asijue mtu alijisikiaje kusimama mbele ya waliokufa kwa neno lake. Wazee wa Maji Maji hawapo tena. Wale walioona Desemba 1941 nao karibu wote wamekwenda, na walio hai ni watoto na wajukuu waliosimuliwa. Somo la tanzia linaloanza kwa kuwatuma wanafunzi kuwasikiliza hao, na kuwarudisha jukwaani na walichosikia, linaokoa jambo ambalo mtihani wa mwakani hautaweza kulirudisha.