Safari ya Komoni, Kilosa hadi Mikumi

Tulipokaa kupanga kijitabu hiki, baadhi yetu walisema habari ya pombe isiandikwe, maana kitasomwa na wageni, na watoto pia. Tulibishana mpaka jua likazama. Lakini hisa zetu za kwanza zilitoka kwenye komoni. Tutaandikaje historia tukiruka hapo?

Biashara hii hatukuianzisha sisi. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, ilipita hapa Kilosa. Mashamba ya mkonge yakafunguliwa, Kimamba na kwingineko, wakaja manamba kutoka mbali. Wanaume wengi, mshahara wa mwezi mkononi: mama mwenye kimea hakukosa wateja. Mwaka 1968 ikatungwa sheria ya vileo, na pombe ya kienyeji ikawa ya leseni. (Gongo hatukupika, hilo lieleweke.)

Sasa kisa chenyewe. Uji wa mahindi ukipoa na kutiwa kimea cha ulezi, mwanzoni ni togwa tu, hata mtoto anakunywa. Ukiachwa, chachu inakula ule utamu, inatoa kileo na hewa. Hewa hiyo lazima ipate pa kutokea. Sisi tulijua jikoni, njiani tukasahau.

Mwaka wetu wa kwanza mwenzetu mmoja alikopa kikundini, tukapika Kilosa ili akauze Mikumi, kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa, ambako watu hawaishi kupita. Ni kilomita 80 hivi, unapitia Ulaya (Ulaya yetu, siyo ya Wazungu). Madumu sita ya lita 20, tumejaza hadi shingoni, na vifuniko tumevikaza kwa mfuko wa nailoni isije ikamwagika. Wewe! Jua kali, basi linarukaruka, komoni bado inachacha. Madumu yakavimba kama mbuzi mwenye mimba. Kifuniko cha kwanza kikaruka, kikafuata cha pili, abiria wakaloa. Konda akamshusha mwenzetu na mzigo wake porini. Yalisalia madumu mawili.

Mkopo ulikuwa palepale. Kikao kikaamua alipe wote, pamoja na riba. Akauza kuku wake wote, akalipa. Vifuniko tulikaza sote, deni tukamwachia yeye. Hapo tulikosea, na tunaliandika humu kwa hiari yetu.

Bibi mmoja jirani alipopata habari alicheka kwanza, ndipo akatufundisha. Zamani walibeba kwa kibuyu, wakaacha nafasi juu, mdomoni wakaziba kwa majani makavu ili ipumue, nao walitembea alfajiri kabla ya joto. Tena hiyo ni kwa mwendo mfupi. Wa mbali hubebi pombe, unabeba kimea kikavu, ukapike hukohuko.

Tangu hapo ndivyo tunavyofanya. Ulezi tunauloweka, tunauotesha chini ya gunia, tunauanika na kuusaga Kilosa, Mikumi wanapika. Kimea hakimwagiki, na konda hana neno.

Mwenzetu yule hakuondoka, ndiye anayesimamia kimea hadi leo. Mwaka wa tatu tulichanga tukamrudishia kuku: mitetea sita na jogoo mmoja mwekundu, mkorofi kweli, aliyemfukuza mweka hazina siku ileile ya makabidhiano.