Sauti Katika Nyumba ya Mungu



Katika siku za yubilei tunahesabu ubatizo, ndoa na matofari ya kanisa. Ni vema pia kukumbuka jambo lisiloandikwa katika vitabu vya parokia: namna watu walivyosikia Neno la Mungu. Mtakatifu Paulo aliwafundisha wakristu wa Roma kwamba imani yatoka katika kusikia. Basi mama mzee aketiye kwenye benchi la mwisho, asiposikia Injili, amenyimwa chakula ingawa meza imeandaliwa.

Zamani za misa ya Kilatini shida hiyo haikuonekana sana. Padri aligeukia altare, na sala kuu ya Ekaristia aliisoma kwa sauti ya chini. Watu walifuata kwa macho, kwa kengele na kwa rozari. Wakati wa mahubiri padri alipanda mimbari. Katika makanisa mengi ya Ulaya mimbari ilifunikwa na paa dogo la mbao, lisilokuwa pambo tu: lilizuia sauti isipotelee juu, likairudisha kwa watu.

Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa Katiba ya Liturjia. Ulitaka taifa lote la Mungu lishiriki kwa akili na kwa matendo, ukafungua mlango kwa lugha za wenyeji. Tangu hapo kila neno lilipaswa kueleweka. Kwetu, tarehe 30 Aprili 1988, Roma ilikubali Misale kwa majimbo ya Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule. Katika liturjia hiyo mtangazaji huwaandaa watu, padri husema nao, nao hujibu, waimbaji na ngoma huitikia. Sauti zimekuwa nyingi, na nyumba ni ile ile.

Mikro imetusaidia, lakini imeleta matatizo yake. Wengi hudhani dawa ni kuongeza nguvu ya mashine. Historia yatufundisha vingine.

Mwaka 1895 mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, aliombwa na chuo kikuu cha Harvard, Marekani, kutengeneza ukumbi ambamo mwalimu hakusikika vizuri. Alikuta neno moja laendelea kuvuma kwa sekunde 5 na nusu, likivurugana na maneno yaliyolifuata. Usiku alileta matakia ya viti, akapima kwa bomba la kinanda na saa. Akaona kwamba vitu laini hunywa sauti, na kuta ngumu huirudisha. Mwili wa mtu nao hunywa sauti. Kwa hiyo kanisa la matofari na simenti huvuma sana likiwa tupu, na hutulia likijaa. Tena, anayeongeza nguvu ya mashine huongeza pia mwangwi.

Tatizo la pili ni ule mlio mkali unaokata mahubiri, uitwao larsen, kwa jina la Søren Absalon Larsen, mtaalamu wa fizikia wa Denmark. Sauti yatoka katika kipaza sauti, yaingia tena katika mikro, yazunguka na kukua. Dawa yake haina gharama. Vipaza sauti viwekwe mbele ya mikro, vikielekea watu. Mikro zisizotumika zifungwe. Msomaji asogee karibu: akitoka sentimetre 40 hadi 20, nguvu ya sauti yake ndani ya mikro yaongezeka mara nne hivi, bila mtu kugusa mashine.

Tatu ni umbali. Sauti yaenda metre 340 hivi kwa sekunde, lakini umeme hufika mara moja. Kipaza sauti cha nyuma chasema kabla sauti ya mbele haijafika, na mtu asikia neno mara mbili. Katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, London, mwanzoni mwa miaka ya 1950, mafundi walitumia vipaza sauti virefu kama nguzo, vinavyopeleka sauti kwa watu badala ya darini. Vile vya nyuma wakavichelewesha makusudi.

Na mvua inapopiga manjanja? Hapo padri mwenye busara hungoja, na waimbaji huanzisha wimbo.

Tunawashukuru vijana wanaofika kabla ya wote kutandaza nyuzi na kupima mikro, na ambao watu huwakumbuka tu siku mashine inapolia vibaya. Kabla ya kununua mashine kubwa zaidi, tumtume mtu akae kwenye benchi la mwisho, asikilize, kisha atuambie. Siku ya ubatizo padri hugusa masikio ya mtoto, akiomba yafunguliwe kwa Neno la Mungu. Kazi ya vijana hawa yaendeleza sala ile. Mungu aibariki, na aijalie parokia yetu miaka mingine ya kusikia na kutenda.