Programu, Mtoa Huduma na Anwani: Kuhama kwa Barua Pepe katika Historia ya Goma

Husemwa mara nyingi kwamba barua pepe haina makao. Historia ya mji wa Goma yaonyesha kinyume chake. Barua pepe ina makao, na makao hayo huweza kuvunjwa pasipo mwenyewe kushauriwa.

Yafaa kwanza kutofautisha mambo matatu. La kwanza ni programu, yaani chombo cha kusomea na kuandikia, mfano Eudora, iliyoundwa na Steve Dorner mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha Illinois, au Outlook Express, iliyoenea pamoja na Windows 98. La pili ni mtoa huduma, ambaye kompyuta yake hupokea na kupeleka barua. La tatu ni anwani.

Kwa utaratibu wa POP, programu ilizichukua barua kwa mtoa huduma na kuziweka katika kompyuta ya mwenyewe. Aliyebadili programu ilimpasa kuzihamisha. Eudora ilizihifadhi katika majalada ya maandishi ya kawaida, yaliyosomeka kwa urahisi kwingineko. Outlook Express ilikuwa na umbo lake yenyewe. Kazi hiyo ilichosha, lakini iliwezekana. Anwani iliyobeba jina la mtoa huduma, kwa upande wake, haikuhamishika: mteja alipoondoka, ilibaki nyuma, mfano wa sanduku la posta ambalo mpangaji alikuwa na ufunguo wake tu.

Huko Goma hata jina la nchi halikudumu katika anwani. Mwezi Mei 1997 Zaire ilikuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwaka huohuo alama ya .cd ilianzishwa kuchukua nafasi ya .zr, nayo .zr ikafutwa mwaka 2001, wakati Goma ilipokuwa makao makuu ya waasi wa RCD. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji. Barua iliyokuwa katika kompyuta moja tu iliweza kuteketea pamoja na nyumba. Baadaye majina ya makampuni nayo yalibadilika: Celtel iligeuka Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010.

Hotmail mwaka 1996 na Yahoo mwaka 1997 zilitenganisha anwani na mtoa huduma wa intaneti. Utaratibu wa IMAP, uliobuniwa na Mark Crispin mwaka 1986, uliziacha barua katika kompyuta kuu, hata programu ikabadilishwa bila hasara. Lakini makao yamehamia ugenini tu. Tangu mwisho wa mwaka 2023, Google yaweza kuifuta akaunti ya mtu binafsi isiyotumiwa kwa miaka miwili.

Kwa chuo kikuu, jambo hili si dogo. Ndani ya barua hizo mna masahihisho ya tasnifu, orodha za msamiati na majibu ya wazee waliohojiwa, ambayo pengine hayana nakala nyingine. Basi anayehama na azitoe barua zake kwanza, aweke nakala mahali pawili mbalimbali, na awaarifu wenzake anwani mpya wakati ile ya zamani ingali hai. Programu hununuliwa tena; mzee aliyekwisha kufariki hahojiwi mara ya pili.