Washona Viatu wa Northamptonshire na Bei ya Kiatu Chema

Katika mwaka wa tano wa Chama Kikuu chetu, Halmashauri ilinunua viatu vya walinzi wa ghala kwa muuzaji aliyetaja bei ndogo kuliko wenzake. Masika haikwisha kabla soli hazijabanduka. Mkutano Mkuu ulitulaumu, nasi tulistahili. Tangu siku hiyo tumependa kusoma habari za kazi hii, na twaona yafaa kuwasimulia wanachama juu ya washona viatu wa jimbo la Northamptonshire na mji jirani wa Leicester, huko Uingereza, kwa kuwa baadhi yao walikuwa wanaushirika kama sisi.

Kwanza yapasa kujua tofauti ya kiatu na kiatu. Fundi wa mkono huvuta ngozi ya juu juu ya kalibu ya mti, akatoboa kwa msharasi, akapitisha uzi wa kitani uliopakwa nta, ncha zake mbili zikipishana katika kila tundu. Kwa uzi huo hufunga pamoja ngozi ya juu, soli ya ndani, na ukanda mwembamba wa ngozi unaozunguka kiatu. Soli ya nje hushonwa kwenye ukanda huo tu. Hivyo soli ikilika, hukatwa na kuwekwa nyingine, na mshono wa ndani haudhuriki. Mtambo wa Lyman Blake, Mmarekani, uliotokea mwaka 1858, ulishona soli moja kwa moja hadi ndani ya kiatu. Kazi ikawa ya haraka, lakini maji hufuata njia ya uzi. Tena pale Leicester, Thomas Crick alipata hataza mwaka 1853 ya kukaza soli kwa misumari. Viatu vyote vitatu, vikiwa vipya na vimepakwa rangi, hufanana machoni. Hapo ndipo mnunuzi hudanganyika, na sisi tulidanganyika.

Jeshi la Uingereza lilitaka viatu vya kushonwa kwa mkono, na kijiji cha Raunds kiliishi kwa kazi hiyo. Vita vya Makaburu vilipokwisha mwaka 1902 maagizo yalipungua. Wenye kandarasi wakashindana kupunguza bei ili wapate kazi ya Serikali, na kila walichopunguza walikitoa katika ujira wa fundi kwa kila jozi. Kiatu kilitakiwa kiwe kilekile, mishono ileile. Mkono ulioshona ndio uliopunjwa. Mwezi wa Machi 1905 mafundi waligoma. Tarehe 8 Mei wanaume 115, wakiongozwa na James Gribble, walianza safari ya kwenda London kwa miguu, na mmoja wao alikuwa kilema mwenye magongo. Gribble alipaza sauti Bungeni kutoka jukwaa la wageni, akatolewa nje. Hata hivyo uchunguzi ulifanywa, na orodha ya ujira ikapatikana.

Watu wa Wollaston, kijiji kingine cha jimbo hilo, walikuwa wametangulia kutafuta njia. Mwaka 1881 washona viatu watano waliungana katika chama chao wenyewe ili wapate kazi za jeshi bila kupitia mlangoni kwa tajiri. Twakiri kwamba habari hii ndiyo iliyotupendeza kuliko zote.

Lakini ushirika nao una ugomvi wake, wala hatupendi kuuficha. Chama kikuu cha maduka ya ushirika cha Uingereza kilifungua kiwanda cha viatu Leicester mwaka 1873. Wanachama wa maduka walitaka viatu rahisi, wafanyakazi walitaka ujira, na wote walijiita ndugu. Mwaka 1886 baadhi ya wafanyakazi walitoka wakaanzisha kiwanda chao, ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Equity. Kilidumu hadi mwaka 2009, na wateja wake wakubwa kwa miaka mingi walikuwa maduka yaleyale ya ushirika.

Viatu vya walinzi vya sasa vilishonwa kwa mkono na fundi wa sokoni kwetu. Bei yake ilizidi ile ya kwanza, na wajumbe wawili walipinga hadi mwisho. Vimekwisha badilishwa soli mara mbili.