Umbali na Ubora: Huduma za Uzazi na Watoto Wilayani Magu tangu 1967

Suala la ubora wa huduma za uzazi wilayani Magu ni kongwe kuliko malalamiko ya sasa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilielekeza nguvu vijijini na zahanati zikaongezeka. Katika miaka ya 1970 kliniki ya wajawazito, chanjo na upimaji wa uzito wa watoto vilianza kutolewa mahali pamoja. Kipimo cha mafanikio kilikuwa umbali: mama asitembee mwendo mrefu kufika kituoni. Alichokikuta akishafika kilipimwa kwa nadra.

Uchangiaji wa gharama ulipoanza mwaka 1993, wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano walisamehewa. Kwa sehemu kubwa, msamaha huo ulibaki kwenye waraka. Mjamzito aliendelea kuagizwa aje na glavu, wembe, uzi wa kufungia kitovu na khanga. Asiyekuwa navyo aliona haya, akajifungulia nyumbani. Kumtuhumu kwamba ameng’ang’ania mila ni kusoma nusu ya ushahidi.

Nusu ya pili ilianza kupatikana Kisesa, kata iliyo kandokando ya barabara ya Mwanza–Musoma, ambako tangu mwaka 1994 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu wamekuwa wakipita kaya kwa kaya wakiandikisha vizazi na vifo. Daftari la zahanati humjua aliyefika tu. Aliyefia nyumbani au njiani hamo.

Kitaifa, waliojifungulia vituoni waliongezeka kutoka asilimia 47 (2004/05) hadi 63 (2015/16). Hata hivyo, vifo vya uzazi vilikadiriwa kuwa 578, kisha 556, kwa kila vizazi hai 100,000. Makadirio hayo yana wigo mpana wa makosa, lakini ongezeko kubwa kiasi hicho lilitarajiwa kuacha alama. Utafiti wa 2022 ulitaja vifo 104, anguko la ghafla linalohitaji kusomwa kwa tahadhari.

Zahanati ya kijiji haina chumba cha upasuaji wala akiba ya damu. Mama anayetokwa damu usiku hutegemea gari litakalopatikana, hospitali ya wilaya, na ikibidi Bugando, jijini Mwanza. Muda unaopotea katika safari hiyo hauonekani katika hesabu ya majengo.