Mawingu Yazaayo Nyota Kubwa

Sisi tukaao Itumba na nchi yote ya Ileje, Mbozi na Tunduma, twajua ya kuwa upande wetu huu una mgeni wa ajabu aliyetoka juu. Mgeni huyo ni Kimondo cha Mbozi, bonge la chuma lililolala katika mteremko wa kilima cha Marengi. Wenyeji walikijua tangu zamani, lakini wataalamu wa ng'ambo walipata habari zake mwaka wa 1930, alipokiona mpima ardhi mmoja, Bwana W. H. Nott. Urefu wake ni mita 3 na zaidi kidogo, na uzito wake wakadiriwa kuwa tani 16 hivi. Sehemu tisa katika kumi zake ni chuma, na karibu yote iliyosalia ni madini ya nikeli. Mwaka wa 1967 serikali ilikiweka chini ya ulinzi kuwa ukumbusho wa nchi.

Wanyiha wa Mbozi walikuwa mafundi hodari wa kuyeyusha chuma. Wao walijua vema ya kuwa chuma hakipatikani bure: lazima liwepo jiwe lake, na makaa, na tanuri, na watu wa kufukuta moto usiku na mchana. Basi swali la haki ni hili: chuma cha Kimondo kiliyeyushwa katika tanuri gani?

Wenye elimu ya nyota watujibu ya kwamba chuma chote tukijuacho, cha Kimondo, cha jembe, hata kile kidogo kilichomo katika damu yetu, kilipikwa na nyota za kale zilizokwisha kufa kabla jua letu halijawaka. Sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na nyota kubwa, zile zenye uzito wa majua manane au zaidi. Nyota hizo huwaka kwa ukali mno, kisha hupasuka na kutawanya mali yao. Jua letu limepewa umri wa miaka kama milioni 10,000. Lakini nyota yenye uzito wa majua ishirini hudumu kama milioni 10 tu. Na tanuri hizo zenyewe zajengwaje, na kwa udongo gani? Historia ya swali hili ndiyo twataka kuisimulia leo.

Kwa muda mrefu watu walitumia macho na darubini tu. Nazo zilikuwa na kizuizi kikubwa, kwa sababu nyota huzaliwa ndani ya mawingu ya hewa na vumbi, na vumbi hilo huzuia nuru kama moshi wa jikoni uzuiavyo macho. Njia nyingine ilionekana kwa bahati. Mwaka wa 1932 Bwana Karl Jansky wa Marekani, aliyekuwa akichunguza makelele yaliyosumbua simu za redio, alisikia mvumo usiotoka duniani. Ulitoka katika ile njia nyeupe ya nyota ikatayo anga. Mwaka wa 1937 Bwana Grote Reber alijenga kwa mikono yake sahani ya chuma ya kukusanya mawimbi hayo nyuma ya nyumba yake. Nasi sote twajua ya kuwa redio husikika ndani ya nyumba iliyofungwa milango na madirisha. Vivyo hivyo mawimbi ya redio hupenya vumbi la mawingu yale, wala hayazuiliki kama nuru.

Mwaka wa 1951 wataalamu wa Marekani, Bwana Ewen na Bwana Purcell, walilisikia wimbi la haidrojeni, hewa iliyo nyingi kuliko zote ulimwenguni. Lakini katika mawingu mazito na baridi chembe za haidrojeni huungana mbili mbili, na zikiisha kuungana hunyamaza. Ikawa lazima kumtafuta shahidi mwingine akaaye pamoja nazo. Mwaka wa 1968 ilionekana amonia, na mwaka uliofuata mvuke wa maji. Hata mwaka wa 1970 Bwana Wilson, Bwana Jefferts na Bwana Penzias waliielekeza darubini ya redio ya Kitt Peak kwenye kundi la nyota la Orioni, lile litajwalo katika kitabu cha Ayubu pamoja na Kilimia. Wakakuta hewa ya kaboni monoksaidi imejaa tele.

Hewa hiyo si ngeni kwetu. Ndiyo ile itokayo katika jiko la mkaa, iuayo watu wanaolala nalo ndani ya nyumba iliyofungwa wakati wa baridi. Huku kwetu ni adui wa kujihadhari naye. Huko juu imekuwa shahidi mwaminifu. Kila chembe yake izungukapo na kupunguza mwendo hutoa wimbi la milimita 2.6, daima kipimo kile kile. Kama wingu lajongea kwetu, wimbi hufupika kidogo. Kama laondoka, hurefuka. Hivyo mtaalamu hupima mwendo wa wingu ambalo hata mjukuu wa mjukuu wake hataliona likisogea.

Kwa ushahidi huo tulijua ya kuwa mawingu hayo ni makubwa mno, mengine yana uzito wa majua laki moja na zaidi. Nayo ni baridi kupita kiasi, nyuzi 263 hivi chini ya sifuri. Baridi hiyo ndiyo iletayo uzazi. Joto hutawanya hewa. Mahali penye baridi uzito hushinda, na wingu huanza kujikusanya lenyewe hata katikati yake pakawaka moto.

Hapo ndipo fumbo lilipotokea. Nyota ndogo kama jua letu hukusanya chakula chake taratibu. Lakini nyota kubwa huanza kuwaka ingali inakula, na nuru yake ni kali hata husukuma vumbi na hewa nyuma. Mwaka wa 1974 Bwana Franz Kahn aliichunguza kwa hesabu nguvu hiyo ya nuru, na hesabu za namna hiyo zilionyesha ya kuwa nuru ingeweza kukifukuza chakula kabla nyota haijawa kubwa sana. Lakini nyota zenye uzito wa majua mengi zipo, twaziona kila usiku! Hesabu ikikana jambo ambalo macho yaliona, mwenye busara hatupi hesabu wala hafumbi macho, bali huuliza ni neno gani limesahauliwa.

Lililosahauliwa ni umbo. Hewa haiangukii nyota kutoka pande zote sawasawa. Huzunguka na kutandazika kama ungo, na nyota ikaa katikati ya ungo huo. Nuru hutoka kwa juu na kwa chini, na chakula huingia kwa ubavuni. Darubini ya ALMA iliyoko Chile, yenye sahani 66 katika uwanda wa mita 5,000 juu ya bahari, iliyozinduliwa mwaka wa 2013, imeonyesha nyungo kama hizo kuzunguka nyota kubwa changa.

Na Afrika haikukaa nyuma katika kazi hii. Mwaka wa 1991 Bwana Karl Menten aligundua mwali wenye nguvu wa redio utolewao na methanoli, aina ya spiriti, katika mawingu hayo. Mwali huo, uitwao maseri, ni alama ya kuaminika ya mahali panapozaliwa nyota kubwa. Huko Hartebeesthoek, Afrika Kusini, iko sahani ya mita 26 iliyojengwa mwaka wa 1961 kwa ajili ya vyombo vya angani. Bibi Sharmila Goedhart na wenzake waliitumia kuitazama miali hiyo tangu 1999 hata 2003, wakiandika nguvu yake bila kuchoka. Wakaona ya kuwa mmoja hupanda na kushuka kila baada ya siku 244 hivi, kama saa. Kwa kuitazama mara moja tu, nani angejua?

Tena mwaka wa 2015 Bwana Gordon MacLeod na wenzake wa hapo hapo waliona miali ya wingu liitwalo NGC 6334 ikiongezeka ghafula. Wataalamu walipolinganisha vipimo vya ALMA na vipimo vya miaka iliyotangulia, walikuta nuru ya nyota changa iliyomo humo imezidi karibu mara 70. Maana yake ni kwamba bonge la hewa lilikuwa limeiangukia. Basi nyota kubwa haili kwa kunywa uji polepole. Wakati mwingine hula kwa matonge.

Mwaka wa 2017 sahani ya mita 32 ya Kutunse, nchini Ghana, iliyokuwa ya simu za ng'ambo, iligeuzwa kuwa darubini, na miongoni mwa mambo ya kwanza iliyoyanasa ni hiyo miali ya methanoli. Naye Bwana Melvin Hoare wa Chuo Kikuu cha Leeds, ambaye kazi yake mwenyewe ni nyota kubwa changa, aliongoza mradi wa DARA wa kuwafundisha elimu hii vijana wa Kenya, Ghana, Msumbiji na nchi nyingine za Afrika, hata Zambia, ambayo mpaka wake watu wa Tunduma huuvuka kwa miguu kila siku.

Kazi haijaisha. Wako wasemao kila nyota kubwa hutoka katika bonge lake moja zito. Wako wasemao nyota nyingi huzaliwa pamoja na kunyang'anyana hewa, na iliyo katikati hushiba kuliko ndugu zake. Uamuzi utatolewa na vipimo, wala si na wingi wa maneno.

Basi, wazazi na walimu wenzetu, na tuangalie ni nini kilichowawezesha watu wale. Sahani zao zilikuwa kuukuu, lakini waliandika vipimo vyao bila kuchoka. Ongezeko la mwaka wa 2015 lilitambulikana kwa sababu miaka ya nyuma ilikuwa imekwisha kuandikwa. Mtoto wa Ileje aandikaye kipimo cha mvua kila asubuhi, bila kuruka siku na bila kubuni tarakimu, amekwisha kuianza kazi ya namna ile ile. Tusimwambie ya kuwa mambo ya juu si yake. Jembe alilolishika mkononi lilianza safari yake huko.